Maswali yenu kwa Mama Maitre: Karatasi ya Leta ni ya nani?

Mwezi huu nilitaka kuendelea na mambo ya urithi kama nilivyowaahidi, lakini barua nyingi zilizofika zinazunguka jambo moja: mtu ameenda ku biro ya Leta, yaani ya Serikali, kuomba karatasi, wamemwambia ni siri, amerudi nyumbani mikono mitupu. Hapo mmenigusa mu kazi yangu kabisa. Ni miaka 19 sasa niko mwanasheria wa Leta hapa Lubumbashi. Mtu akiomba karatasi, shefu anaipitisha lile ombi kwangu na maneno mawili juu yake kwa kalamu nyekundu, "pour avis", yaani nitoe avi, maoni yangu ya sheria, na mimi nasema itolewe, itolewe nusu, ao isitolewe. Basi urithi utangoja, leo tuongee karatasi.

Jambo Mama Maitre. Nilimaliza droit (sheria) ku UNILU, inivesite ya Lubumbashi, na sasa kuko biro moja ya Leta yenye inataka kunikamata kazi mu serivisi yabo ya sheria. Banasema kazi ya kwanza itakuwa kusoma barua za batu benye banaombaka makaratasi na kusema batoe ao bakatae. Nkambo yangu anasema avoka wa Leta ni avoka wa shefu, shefu atasema kataa na weye utaandika juu ya nini. Miye sitaki kuwa mulango yenye inafungwa mu uso ya batu. Kazi ile iko na maana? Na banaifanyaka ginsi gani, kila siku? — Binti wa Bel-Air

Binti yangu, nkambo yako hajasema uongo. Nimepokea dosie nyingi ambazo shefu ameshaandika "hapana" pembeni kwa penseli, na mimi natakiwa tu kutafuta kifungu cha kuifunikia ile hapana. Lakini tangu nimeanza, mashefu saba wamepita mu ile biro, kila mmoja na viti vyake vipya, na makabati ya dosie bado ni yale yale, ya chuma, rangi ya kijani, la tatu halifungi vizuri. Sasa mteja wako ni nani, yule anayepita ao kile kinachobaki? Swali hilo mimi nililijibu mwaka wa tatu wa kazi, na nililijibu kwa kuchelewa, nitakueleza hapa chini.

Kwanza kazi yenyewe. Barua inaingia, sekretere anaipa nimero, inafika kwako. Usikimbilie kitabu cha sheria. Isome barua mara mbili na ujiulize huyu mtu anatafuta nini hasa, maana watu wengi hawajui jina la karatasi wanayoitaka, wanaandika "ninaomba makaratasi yote juu ya barabara yetu" kumbe wanataka kujua tu kama makuta, yaani pesa, ya lami yalitoka ao hayakutoka. Kama kuna nimero ya telefone, mpigie. Dakika tano za telefone zinakuokolea wiki mbili za kuandikiana, na mtu akisikia sauti ya mtu mu ile biro anajua barua yake haikutupwa.

Kisha uende uione karatasi yenyewe kwa macho yako. Mimi sijawahi tena kuandika avi juu ya karatasi ambayo sijaishika, hata shefu akinihakikishia yaliyomo. Hiyo maana yake utashuka mara nyingi ku arshive, kule kwetu ni chumba cha nyuma ambacho mvua inaingia kwa kona moja, na mu kabati ya mwisho kuna marejista ambayo bado yameandikwa Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi. Uvae viatu vya kufunika vidole. Umheshimu sana yule Papa wa arshive, yeye njo anajua kila kitu kiko wapi, na akienda pansheni bila mtu kuandika anachokijua, nusu ya karatasi za Leta zitakuwa zimepotea hata kama ziko pale pale mu kabati.

Sasa nikueleze kosa langu, maana njo lilinifundisha kazi. Mama mmoja aliandika akiomba matokeo ya analize ya maji ya forage (kisima kirefu) ya kartiye yao, watoto walikuwa wanaharisha. Dosie ilikuwa na kurasa 41. Ndani mlikuwa na majina ya wagonjwa wachache, na barua ya kampuni iliyochimba ile forage ikilalamika juu ya malipo yake. Kwa ajili ya kurasa tatu za namna hiyo mimi nikaandika avi kwamba dosie nzima isitolewe, nikaweka na vifungu, avi nzuri kabisa ukiisoma, shefu akafurahi. Mama akarudi mara ya pili, wakamrudisha. Mara ya tatu akaja na bidon ya njano yenye maji ndani, akaiweka juu ya meza yangu, hakusema kitu. Nikaifungua dosie upya mbele yake. Analize yenyewe ilikuwa ukurasa mmoja, wa 17, safu za namba tu, hakuna jina la mtu hata moja. Ningeweza kuupiga fotokopi siku ile ya kwanza. Wiki 11 zilikuwa zimepita, na watoto walikuwa wamekunywa yale maji wiki 11.

Tangu siku hiyo siandiki avi juu ya dosie. Ninaandika avi juu ya ukurasa, na mu ukurasa ninaandika juu ya mstari. Jina la mgonjwa, linafunikwa. Jina la mtoto, linafunikwa. Mtu aliyeshtaki ubaya na akiachwa wazi watamtafuta nyumbani, jina lake linafunikwa na hata yale maneno yanayoweza kumtambulisha, maana "mwalimu mwanamke wa shule ile ya kilimani" ni sawa na kumtaja. Uchunguzi ambao parke, waendesha mashtaka wa Leta, bado iko nao mikononi, ngoja. Mambo ya ulinzi ya kweli, ngoja. Siri ya kiwanda ya kampuni, namna wanavyochanganya dawa zao, sawa. Lakini bei ambayo Leta ililipa hiyo si siri ya kampuni, hayo ni makuta ya watu. Na aibu ya shefu si siri ya Leta. Hiyo ya mwisho uiandike mahali utaiona kila asubuhi, kwa sababu kati ya dosie kumi wanazokuambia ni siri, nyingi utakuta ni aibu tu.

Na kufunika maneno kwenyewe ni kazi ya mkono ambayo hawaifundishi ku inivesite. Ukipitisha marker nyeusi juu ya jina na ukatoa ile karatasi, mtu anaisimamisha mbele ya dirisha, jua linapita, anasoma yote. Pitisha marker mbele, pitisha nyuma, piga fotokopi, halafu utoe fotokopi, ile ya wino ibaki mu dosie. Ku ordinatere ni hatari zaidi, kuna vijana wanaweka kisanduku cheusi juu ya maneno mu PDF wakidhani wamefuta, kumbe msomaji anachagua ile sehemu, anaibandika mahali pengine na maneno yote yanatoka. Chapisha kwanza, ndipo uskani upya. Kwetu kulikuwa na jina la mtoto aliyefanyiwa ubaya chini ya kisanduku kama hicho, tulilikamata muda mfupi tu kabla ya kutuma, na mikono ilinitetemeka mpaka jioni.

Unauliza tunasimama juu ya sheria gani. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 24: kila mtu ana haki ya kupata habari. Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu, kifungu cha 9, unasema vilevile. Kwa upande wa siri, kuna kifungu cha 73 cha Code pénal, sheria ya makosa ya jinai, kinachomfunga mtu anayetoa siri aliyopewa kwa sababu ya kazi yake, mwezi mmoja mpaka miezi sita, na wanaopenda kukataa wanakishika hicho kama rungu, lakini wakisome mpaka mwisho: kinaacha nje mtu anayeitwa kutoa ushahidi mbele ya sheria na mtu ambaye sheria yenyewe inamlazimisha kusema. Ugumu wetu ni kwamba haki ya kuona karatasi imetawanyika, kipande mu sheria ya mines, kipande mu ya presse, kipande mu ya état-civil, ile ya kuandikisha kuzaliwa na kufa, unaunganisha mwenyewe. Jirani zetu wameikusanya mahali pamoja: Uganda 2005, Rwanda 2013, Kenya na Tanzania 2016, na Zambia hapo ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, 2023. Kenya inampa ofisa siku 21 za kujibu, na kama ni jambo la uhai ao uhuru wa mtu, saa 48. Fikiria ile analize ya maji kwa saa 48! Marekani nao sheria yao ya 1966 imehesabu sababu za kukataa, ni 9, na hata hapo kinachoweza kutolewa kinatolewa na kilicho siri kinafunikwa. Mimi nimechukua desturi hiyo bila kungoja mtu anilazimishe. Kila "hapana" ninayoiandika ina sababu yake, na inasema ni ukurasa gani.

Shefu atakasirika siku nyingine. Utamwambia kwa heshima, "Papa, nikiandika hapana hii na mtu akaenda tribinali, ni sahihi yako itakayosomwa mbele ya jaji, si yangu." Mara nyingi hiyo inatosha. Isipotosha, andika avi yako kama unavyoiona, weka tarehe, acha kopi mu dosie, yeye aamue kinyume kwa kalamu yake mwenyewe. Na bahasha zitakuja pia, kutoka kwa wanaotaka karatasi itoke na kwa wanaotaka isitoke, na hapo sina la kukufundisha ambalo mama yako hakukufundisha.

Ingia kazini, binti. Milango ipo hata kama hukuiweka wewe, na ukikataa atakaa pale mtu ambaye haoni ubaya kuifunga.

Mama Maitre, jambo. Baba yetu alikufa, alituachia parsele, kiwanja, ku Katuba yenye alinunua zamani. Tuko na livre ya lojeri tu, kile kitabu cha zamani cha mwenye parsele, ya kuchakaa. Sasa mutu moya anasema eko na setifika ya ile parsele. Nilienda kuomba kuona dosie, banasema ni siri, kisha mwingine akanifwata inje, anasema toa dola 100 atanipigia picha na telefone. Nitoe? — Papa wa Katuba

Usitoe, Papa. Picha ya telefone ni dhaifu mbele ya jaji, haina kashe, ule muhuri wa biro, haina sahihi, na yule mtu kesho atasema hakujui. Umetumia makuta na bado huna kitu.

Sikia. Kwa sheria yetu ya ardhi ya 20 Julai 1973 udongo ni mali ya Leta peke yake, sisi tunapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inathibitishwa na setifika ya anrejistrema ambayo konservateri, ofisa wa Leta wa ardhi, anaiandika mu rejista yake. Sasa rejista ile iliwekwa kwa nini? Iliwekwa ili watu wajue parsele ni ya nani! Kuniambia jina la mwenye setifika ni siri ni kuigeuza rejista kuwa kaburi. Vitu vingine mu dosie vinaweza kuwa vya mtu binafsi, kwa mfano nakala ya karta yake ao deni lake la banki, hivyo sawa vifunikwe, lakini nimero ya setifika, tarehe ilipotoka, jina, na karatasi gani zilitumika kuitoa, hayo mtu ambaye jambo linamhusu kama wewe anayaomba bila aibu.

Andika barua kwa konservateri. Taja nimero ya parsele, avenyu, komini, jina la marehemu, bandika fotokopi ya livre ya lojeri na ya akti ya kifo, sema uko mrithi. Usiandike "dosie yote", andika karatasi unazozitaka moja moja. Peleka kopi mbili, moja wabaki nayo, ya pili wakupigie kashe na tarehe na sahihi ya aliyepokea, njo tunaita akize. Bila akize hujaandika barua, Papa, hata kama ulikaa pale kutwa. Kama kuna taksi ya kulipa watakupa note ya perception, karatasi inayosema ulipe ngapi, na utalipa ku banki, unapewa karatasi ya malipo. Makuta yanayolipwa chini ya mti hayajaingia ku Leta.

Na usilale. Sheria ya 1973 ilitoa miaka 2 tu ya kuishambulia setifika tangu inapotolewa, ikipita hapo inakuwa ngumu kama jiwe, unabaki kudai fidia. Kwa hiyo tarehe ya ile setifika njo kitu cha kwanza kuuliza, na huku ukingoja jibu mtafute avoka, wa kwako mwenyewe, kwa maana mimi ni wa Leta na siwezi kusimama nawe kortini.

Niko ajan wa Leta, sitasema wapi. Shefu aliniambia niondoe barua moja mu dosie kabla ya kuipeleka ku serivisi ya sheria. Alisema kwa mudomo tu, hakuandika. Nifanye je? Niko na batoto batano.

Ndugu yangu, barua yako niliisoma usiku na sikulala vizuri.

Usiitoe. Kifungu cha 28 cha Katiba kinasema hakuna anayelazimishwa kutekeleza amri ambayo uharamu wake uko wazi, lakini ni yule anayekataa anayetakiwa kuuonyesha huo uharamu. Tuna pia sheria ya arshive tangu 11 Julai 1978 na karatasi ya Leta haitoki mu dosie kwa neno la mtu mmoja. Najua kifungu hakilishi watoto. Kwa hiyo fanya hivi, kimya kimya: hesabu kurasa za ile dosie na uzipe nimero kwa penseli, mkono wa kuume juu, 1 mpaka mwisho, na ile barua iwe na nimero yake katikati. Andika bordereau, ile orodha ya yaliyomo, na idadi ya kurasa, wanaopokea wapige sahihi. Baada ya hapo mtu akiitoa, pengo litaonekana lenyewe, 23 halafu 25, na hutakuwa wewe.

Kama anasisitiza, mwombe kwa upole akuandikie. "Shefu, nisaidie na note ndogo ili nisikosee." Wengi wanaacha hapo hapo. Mimi nikipokea dosie ambayo kurasa zake zimehesabiwa na mkono wa mtu ambaye simjui, ninamshukuru moyoni, kwa sababu kazi yangu yote imesimama juu ya uaminifu wa yule aliyeishika kabla yangu.

Mama, kijiji chetu kiko kandokando ya barabara ya Likasi, karibu na mine. Kampani ilisema itatujengea shule na kisima. Balitia sahihi na bakubwa. Tunauliza karatasi, shefu wa kijiji anasema iko ku kampani, kampani inasema iko ku Leta, Leta inasema ulizeni kampani. — Vijana wa kijiji

Wanangu, karatasi mnayoitafuta ina jina, inaitwa kaye de sharje, na mkiiita kwa jina lake hawatawazungusha kirahisi tena. Code minier, sheria ya madini, ya 11 Julai 2002 ilirekebishwa tarehe 9 Machi 2018, na tangu hapo kampuni inayochimba lazima iandike ahadi zake kwa jamii mu kaye hiyo, na mbali na hiyo lazima itenge kwa maendeleo ya jamii isiyopungua 0.3% ya mauzo yake ya mwaka, chiffre d'affaires. Ni makuta mawili tofauti na ya tatu ni redevansi, malipo ya kampuni juu ya madini inayotoa: hiyo inagawanywa 50% kwa Leta ya juu, 25% kwa provensi, 15% kwa sekteri, sheferi ao komini ambapo mine iko, na 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Watu wanayachanganya haya matatu, na wanaotaka kuwachanganya wanafurahi.

Kaye de sharje imesainiwa kwa jina lenu. Mtu akiniletea ombi kama lenu mimi sihitaji hata kufungua kitabu, ninaandika "itolewe" na ninaenda kwa dosie nyingine, kwa sababu huwezi kumficha mtu ahadi uliyompa yeye mwenyewe! Kuhusu mkataba kati ya kampuni na Leta, dekre ya 20 Mei 2011 inataka kila mkataba wa mali asili utangazwe mu siku 60 tangu unapoanza kazi. Na ITIE, mpango wa kimataifa wa uwazi mu mapato ya madini na mafuta, inatoa ripoti za kile kampuni zinasema zimelipa na kile Leta inasema imepokea, mwombeni mwalimu ao padri mwenye intaneti awapakulie, mwangalie jina la kampuni yenu.

Namna ya kuomba: msiende mmoja mmoja. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka petisyo kwa mamlaka, peke yake ao pamoja na wengine, na mamlaka lazima ijibu mu miezi 3, na hakuna anayeweza kushtakiwa kwa kuandika petisyo. Miezi 3, ni Katiba inasema. Andikeni barua moja, majina na sahihi za wengi, wamama pia waweke vidole, kopi tatu kwa wakati mmoja: kampuni, sekteri yenu, na provensi, na mu kila moja mseme wazi kwamba mmeandikia wale wengine wawili. Akize tatu. Hapo hakuna tena wa kusema "ulizeni kule". Miezi 3 ikipita kimya, mnakwenda kwa avoka na zile akize, na kabla ya tribinali ya mambo ya utawala atawaandikia kwanza réclamation préalable, malalamiko kwa mamlaka yenyewe, bila hiyo jaji hatawasikiliza.

Ninataka fishi ya bibi yangu ya ospitali na dosie yake ya kazi, tuko mu kesi ya talaka. Biro inaweza kunipa?

Hapana. Dosie ya ospitali ni ya mgonjwa, hata kama wewe ni bwana yake. Ya kazi vilevile. Kama kuna kitu ndani chenye faida kwa kesi, mwombe jaji, yeye njo ana nguvu ya kukiita, na atachukua kile kinachohusu kesi tu. Mimi ninayewaambia kila siku watu wafunguliwe karatasi, hizi ninazifunga na ufunguo.

Mama Maitre, miye sikusoma sana, Kifaransa yangu ni kidogo. Naweza kuandika ku Leta na Kiswahili? Bakiitupa? — Mama wa soko ya komini ya Kenya, hapa Lubumbashi

Unaweza, Mama, na asante kwa kuuliza, kwa sababu wengi wanaliogopa hili swali. Kifaransa ni lugha rasmi ya nchi, kifungu cha 1 cha Katiba, lakini kifungu hicho hicho kinataja lugha nne za taifa, kikongo, lingala, kiswahili na tshiluba, na kinailazimisha Leta izikuze. Tena kifungu cha 142 kinasema kila sheria lazima isambazwe kwa Kifaransa na kwa kila moja ya zile lugha nne, siku 60 tangu inapotiwa sahihi. Mimi nimeuliza mara nyingi ile sheria ya ardhi kwa Kiswahili, ile ya mines kwa Kiswahili, na sijawahi kuiona juu ya meza ya biro yoyote niliyofanya kazi. Hilo linaniuma. Tunamwambia Mama wa soko kwamba hakuna anayeruhusiwa kutojua sheria, na sheria yenyewe hatujamwekea mu kinywa chake.

Kwa hiyo andika Kiswahili, na kama kuna mtoto wa shule nyumbani akuandikie Kifaransa chini yake, karatasi ile ile, ili sekretere asipate kisingizio. Barua isiwe ndefu. Nakuandikia hapa, kwa Bulgumesti, mkubwa wa komini, wewe ubadilishe mahali panapotakiwa:

*"Kwa Bulgumesti wa komini. Mimi, jina langu, ninauzisha samaki na lengalenga ku soko, meza nimero fulani. Kila siku ninalipa taksi ya soko. Kwa sababu ya kifungu cha 24 na cha 27 cha Katiba, ninaomba kopi ya karatasi inayosema taksi hiyo ni franka ngapi na ni nani aliiweka, na kopi ya karatasi inayosema makuta ya mwaka uliopita yalifanya kazi gani. Kama kuna sehemu hamuwezi kunipa, mnipe inayobaki na mniandikie sababu. Ninangoja jibu mu miezi 3. Sahihi, tarehe."*

Kopi mbili, Mama, na ya kwako wapige kashe. Uiweke mu plastiki, chini ya godoro, mbali na maji ya samaki.